Siku Kumi na Tisa za Uchafu

Krr, krr, krr. Kimya. Krr, krr.

Mama Kifungo alifumbua macho gizani, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni panya. Cha pili ni mtego. Cha tatu, alipopapasa upande wa pili wa kitanda na kukuta shuka limeshapoa, ni kwamba panya huyo ana kilo sabini na amefunga naye ndoa.

Akajifunga kitenge, akaenda jikoni kwa kunyata. Kulikuwa kumebaki kama saa nzima kabla ya kupambazuka. Mumewe alikuwa mezani, tochi imefungwa kwenye paji la uso kwa lastiki ya suruali, anasugua kwa msasa kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa kidole kidogo.

Akamuuliza anafanya nini saa hizi. Akajibiwa kwamba anapunguza. Anapunguza nini? Unene. Mama Kifungo akatazama kile kipande, akamtazama mumewe, akarudi kulala. Kuna mazungumzo ambayo mtu hayaendelezi kabla ya chai.

Hiyo ilikuwa miezi minne kabla ya balaa lenyewe. Mumewe alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Dakika, kwanza kwa ajili ya kazi yake, pili kwa sababu kila saa aliyoletewa aliahidi itakuwa tayari baada ya dakika moja. Zamani alikuwa na chumba chake kizima, saa zimejaa ukutani kila moja ikishikilia ukweli wake. Halafu watu wakaanza kutazama saa kwenye simu. Chumba kikawa nusu chumba, nusu ikawa meza, na sasa meza yenyewe ilikuwa imebanwa dirishani ndani ya duka la watu wanaouza makava ya simu. Kuna siku alikaa pale kuanzia asubuhi mpaka jioni na mtu pekee aliyesimama mbele yake alikuwa anauliza saa ngapi.

Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtia mkewe wasiwasi. Alirudi nyumbani, akala, akaviweka viganja vyake juu ya meza, akavitazama kama wageni waliokaa sana.

Ndipo mteja mmoja wa zamani, mhasibu mstaafu, alipokuwa akihama kwenda kukaa kwa watoto wake, akamletea boksi. Alisema alilinunua enzi bado ana macho. Ndani kulikuwa na modeli ya plastiki ya ndege ya kivita ya ile vita kuu ya pili, kiti kimoja, injini moja, bunduki nne kila bawa. Kila kitu chake kimegawanywa kwa arobaini na nane na kukatwa vipande mia moja sitini na mbili, vikining'inia kwenye fremu za kijivu mithili ya mifupa ya samaki. Mhasibu akamwambia fundi: wewe una mkono, utaiweza.

Basi Dakika akaiweza. Kila alfajiri, krr, krr, krr. Alitengeneza mikanda ya kiti cha rubani kwa karatasi ya dawa za kichwa. Alichora saa na vipimo vya mbele ya rubani kwa brashi yenye nywele tatu, na mishale ya kipimo cha mwinuko akaiweka kwenye saa nne na dakika kumi, kwa sababu ndivyo saa mpya zinavyowekwa dirishani ili zivutie wateja, na mkono wake haukujua namna nyingine. Alipomaliza yote hayo akaunganisha kiwiliwili cha ndege kwa gundi na kukifunga.

Mkewe akamuuliza sasa nani atayaona mambo yote yaliyomo humo ndani.

"Rubani," Dakika akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akitania.

Binti yao Kifungo, aliyekuwa na miaka mitano na aliyepewa jina hilo kwa udogo aliozaliwa nao, aliuliza watu wengine wanakaa wapi. Akaambiwa anaingia mmoja tu. Akauliza kama mama wa huyo mmoja anajua mwanawe alipo. Baba yake akarudi kwenye gundi.

Ilipopakwa rangi, kijani na kahawia juu, buluu ya anga tumboni, mama Kifungo aliipenda waziwazi. Iling'aa kama kiatu cha shule siku ya kwanza. Jumapili ile Dakika aliiweka katikati ya meza, akakohoa kidogo, akawaeleza habari za maonyesho. Chama cha watengeneza modeli kingekutana ukumbini Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Modeli itakayoshinda ingewekwa mwaka mzima ndani ya kabati la kioo kwenye mlango wa maktaba kuu, na mbele yake kadi nyeupe yenye jina la fundi. Aliposema "jina la fundi" akainua kikombe cha chai kilichokwisha, akanywa.

Tangu siku hiyo mama Kifungo aliitaka kadi ile kuliko mwenyewe. Aliiona akiwa kwenye foleni, aliiona akipanga nguo. Watu wanaingia kuazima vitabu, wanasimama, wanasoma jina la mumewe. Alitaka watu wasimame mbele ya mumewe kwa sababu nyingine tofauti na kuuliza saa ngapi.

Baada ya hapo ndege ikapanda juu ya kabati la nguo, ikafunikwa kwa katoni. Dakika alisema yuko hatua ya mwisho, na katoni isiguswe. Alfajiri hakukuwa tena na krr, krr. Kulikuwa na kimya, na mara mojamoja chafya.

*

Balaa lilikuja Ijumaa, siku moja kabla ya maonyesho. Mama Kifungo alikuwa na siku ya mapumziko ya kazini. Alifanya kazi kwa dobi, mtaa wa pili, kitengo cha madoa. Nguo iliyoshindikana kwa mashine ilipelekwa kwake. Kwa miaka sita mikono yake haikuwa imeshindwa na wino, kutu, damu, grisi wala rangi ya midomo mahali isipostahili kuwa, na huko kazini alijulikana kwa hekima na kwa kufunga mdomo.

Saa tatu asubuhi, Dakika ameshakwenda dukani, yeye akawa anapangusa vumbi chumbani. Akaitazama ile katoni. Akajiambia atachungulia tu, ajue kesho ataisindikiza ndege ya namna gani. Akapanda kwenye stuli, akainua katoni.

Ndege yote ilikuwa chafu. Masizi ubavuni, kitu cheusi tumboni, vumbi la udongo magurudumuni, na bawa la kushoto limechunika kana kwamba mtu alikanyagia juu yake. Masikini baba Kifungo. Miezi minne anaamka kabla ya ndege za angani, halafu anakwenda kuiweka juu ya kabati, chini ya dari inayomwaga vumbi, karibu na dirisha la moshi wa jirani. Na kesho majaji wangeikuta katika hali hii.

Hakuwaza mara mbili, kwani kuwaza kulikuwa hakuhitajiki. Hii ndiyo kazi iliyompa mkate. Alileta beseni, maji ya vuguvugu, ile sabuni ya maji ya kazini yenye harufu ya limau, pamba za masikio, na mswaki wa zamani wa Kifungo wenye nywele laini. Alianza tumboni, polepole, kwa kuzungusha. Yale meusi yakaachia bila ubishi. Maji yakageuka kahawia, naye akafurahi, maana dobi akiyaona maji yamechafuka hujua kazi inakwenda. Kifungo alikaa pembeni akishika taulo. Kwa nusu saa mama aliosha bawa kwa bawa, akaingia mpaka kwenye mifereji midogo ya milango ya bunduki, akaifuta, akaipuliza, akaiweka mezani juani.

Iling'aa upya kama kiatu cha shule. Mama Kifungo akasimama mbali kidogo, mikono kiunoni, akaona raha ya mtu aliyemtendea mwenzake wema kimyakimya.

Kisha akasema aipanguse na katoni. Alipoigeuza, daftari la shule likaanguka.

Juu ya jalada, kwa mwandiko wa Dakika uliosimama wima kama mishale ya saa sita, paliandikwa: UCHAFU.

Akalifungua. Kila siku ilikuwa na maneno yake, na pembeni mchoro mdogo wa penseli.

*Siku ya 1. Moshi wa ekzosti, kushoto. Chaki nyeusi iliyosagwa.*

*Siku ya 4. Oili chini ya tumbo. Nimefuta. Nimerudia.*

*Siku ya 7. Mikwaruzo ya viatu, bawa la kushoto, hapo rubani anapopandia. Penseli.*

*Siku ya 12. Moshi wa bunduki. Nimepiga chafya. Narudia kesho.*

*Siku ya 19. Vumbi la magurudumu. Imekwisha. Ndege imetoka vitani. Ijumaa jioni vanishi ya kufungia. Hadi hapo isiguswe, isipuliziwe, isisemeshwe kwa karibu.*

Akakaa kwenye stuli. Alitazama ndege. Ndege ikamtazama, safi, haijawahi kwenda popote, haijawahi kumkosea mtu. Alikuwa amefua vita vyote.

Alijaribu kuandaa maneno. *Baba Kifungo, kuna jambo dogo.* Hapana, kwenye ndege ile kila kitu kilikuwa kidogo, na ukilirudisha jambo kwenye ukubwa wake lingezidishwa mara arobaini na nane. *Baba Kifungo, unajua navyopenda usafi.* Hapana. Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo kazini kwake, lakini sabuni yenyewe ndiyo iliyokuwa imemponza. Dakika angerudi saa kumi na mbili. Asingepiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Angesema "si kitu." Angeviweka viganja mezani, angevitazama. Na kadi ya maktaba ingeandikwa jina la mtu mwingine.

Akaitia ndege kwenye kapu la mashuka, akaweka na daftari, akamshika Kifungo mkono, wakatoka.

*

Pale kwa dobi, Bi Pasi alikuwa amepiga pasi nguo za watu kwa miaka ishirini na mbili na alizungumza kutoka ndani ya mvuke, uso wake ukitokea na kupotea. Alimuuliza ameharibu nini, maana mtu haji kazini siku ya mapumziko na kapu kwa heri.

"Nimeosha," mama Kifungo akasema.

"Hiyo ndiyo kazi yetu."

"Nimeosha kitu kilichokuwa kimechafuliwa kwa makusudi."

Bi Pasi akaisimamisha pasi. Akachukua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, midomo ikitembea. Mvuke ukapungua mpaka uso wake wote ukaonekana.

"Mwanamume amekaa siku kumi na tisa anachafua kitu, na akaandika?"

"Na siku akazihesabu."

"Wangu huchafua bila kuandika," Bi Pasi akasema, na hapo akacheka mpaka ikabidi ashikilie meza. Mama Kifungo alisubiri. Hakuona cha kucheka, ingawa baadaye, miezi mingi baadaye, alikuwa akikumbuka sentensi ile akiwa amelala na kitanda kikatikisika.

Alipomaliza kucheka, Bi Pasi alifuta macho na kumuuliza swali moja: shoga yangu, wewe kazi yako hapa ni nini? Mama Kifungo akajibu, kutoa madoa. Bi Pasi akatikisa kichwa. Alimkumbusha lile koti la yule dereva, lililoletwa bila maelezo, na yeye alivyoligeuza mara moja na kusema huyu bwana alilala chini ya lori, upande wa kulia, na oili ilianza kumdondokea begani kabla hajasogea. Alimkumbusha mashati ya wahudumu wa stendi, na suruali ya mchoma vyuma.

"Ukiona doa unajua lilianzia wapi na lilikwenda wapi," Bi Pasi akasema. "Basi leo lianzishe. Na huyo mtoto usimkanyage, yuko chini ya meza."

*

Walirudi nyumbani wakiwa na muda wa saa saba mkononi kabla Dakika hajarudi. Mama Kifungo akatandika gazeti. Akatoa chaki na penseli za mumewe, na kwa shaka ya mtu anayevunja amri, akaongeza vyake: masizi aliyoyakusanya kwa kushikilia kijiko juu ya mshumaa, kutu aliyoikwangua kwenye pasi ya mkaa iliyokuwa ikizuia mlango, na tone la oili nzito kutoka tumboni mwa cherehani, ile nyeusi iliyochanganyika na nyuzi.

Mkono ulikataa. Miaka sita umefundishwa njia moja, na sasa unaambiwa urudi kinyume. Mara ya kwanza alipogusisha masizi kwenye ubavu ule safi, vidole vingine vikaenda vyenyewe kutafuta pamba kuyafuta. Ikabidi mkono wa kushoto aukalie.

Alianza kwa kufuata daftari, mchoro kwa mchoro, kwa adabu zote. Lakini alipofika kwenye mchoro wa Siku ya 4 alisimama. Mumewe alikuwa amechora oili ikisambaa tumboni sawasawa, mbele na nyuma, kama siagi kwenye mkate. Mama Kifungo akaitazama ile picha kwa jicho la kazini. Ndege inakwenda mbele, kwa mwendo wa kutisha, na oili inavuja. Itakwendaje mbele? Kwanza hujikusanya kwenye ukingo wa kifuniko cha injini, kama ijikusanyavyo kwenye mshono wa koti, halafu ikishiba hukata mshono na kukimbilia nyuma. Katikati nzito, kingo nyepesi, na mbele ya kila msumari huachana njia mbili.

Akaiweka hivyo. Kisha akatazama moshi wa ekzosti: Dakika aliuchora mweusi mwanzo hadi mwisho. Moshi hauwi hivyo. Mdomoni mwa bomba joto huchoma na kuacha rangi ya kijivu karibu na nyeupe, kama shati lililounguzwa. Weusi huja baadaye, halafu hupotea polepole. Na huyu rubani alipandia bawa la kushoto, sawa, lakini kabla ya kukanyaga lazima alishika ukingo wa mlango kwa mkono wenye jasho. Kila siku mahali palepale. Hapo palitakiwa weusi wa mafuta ya mkono, ule ule wa kwenye kola.

Hapo ndipo ilipomjia kwamba alikuwa akimfikiria rubani. Kijana wa watu, miguu inatetemeka, anashika mlango ule ule kila asubuhi kabla ya kwenda. Akaupaka weusi ule kwa ncha ya kijiti, taratibu sana, na macho yakamlowa kidogo kwa ajili ya nguo za mtu ambaye hajawahi kumfulia.

Kifungo alikaa kwenye kiti chake, amejiziba pua kwa vidole viwili kwa sababu daftari lilikataza kupuliza, akimpa mama pamba moja moja. Alipoambiwa anaweza kupumua, alipumua kwa mdomo, akielekea ukutani.

Saa kumi na moja na robo ndege ilikuwa imetoka vitani mara ya pili. Saa kumi na moja na nusu ilikuwa juu ya kabati, chini ya katoni, daftari mahali pake. Saa kumi na mbili kasoro mama Kifungo alikuwa akikata vitunguu visivyohitajika, ili kama macho yake ni mekundu awe na sababu.

Dakika alirudi. Akapanda kwenye stuli, akainua katoni. Kutoka jikoni mkewe akasikia swichi ya taa ikizimwa. Ikawashwa. Ikazimwa. Ikawashwa.

"Imetulia," Dakika akasema hatimaye.

Rangi hutulia, akaeleza mezani baadaye, bila kuulizwa. Mtu akimaliza kuchafua, uchafu wenyewe huchukua siku kadhaa kujipanga. Alikuwa amesoma mahali. Mama Kifungo akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Usiku ule akamsikia akipuliza vanishi kibarazani, na ilipokauka uchafu ule ukafungwa daima.

*

Jumamosi ukumbini kulikuwa na meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, na juu yake modeli ishirini na nane: meli, vifaru, ndege, gari moja la zimamoto. Jaji alikuwa mwanamke mmoja tu, na mmoja alitosha. Walimwita Bibi Spana. Miaka thelathini alikuwa fundi wa ndege, amelala chali chini ya matumbo yake, na hata sasa, kastaafu, alikuja na ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikawa na mikunjo ya suruali ya bwana harusi. Alikuwa na tochi na kioo kidogo chenye mpini, kama daktari wa meno, na alikuwa akizungumza na modeli, siyo na wenyewe.

"Wewe umechafuliwa na mtu anayeogopa kuchafuka," aliiambia ndege ya kwanza. Ya pili aliiambia kwamba imepikwa. Kifaru kimoja alikipita bila neno, na mwenyewe akaenda kusimama nje.

Alipofika kwa Dakika alichungulia kwa tochi kwenye chumba cha rubani. Akasema saa nne na dakika kumi, akaguna. Kisha akaingiza kioo chini ya tumbo, na hapo akakaa. Akakaa mpaka watu wa meza za jirani wakaanza kusogea. Mama Kifungo akamshika Kifungo mabega.

"Kijana," Bibi Spana akasema, "oili hii kwa nini imesimama hapa kwanza?"

Dakika akakohoa. "Upepo."

"Upepo upi?"

"Wa mbele."

"Mbele ya nini?"

"Ya… safari."

Mtu mmoja nyuma akabanwa na kicheko. Bibi Spana alisema oili ya namna hii ameifuta kwa miaka thelathini na hajawahi kukutana na mtu wa plastiki na gundi anayejua kwamba hutua ukingoni kabla ya kukimbia. Alitaka kujua nani alimfundisha. Dakika akajibu alifanya utafiti. Utafiti wa nini? Wa oili. Alipoulizwa na huu weusi wa mkono pale mlangoni, Dakika alisema huo ulitokana na utafiti wa mikono, na shingo yake ikaanza kulowa.

Bibi Spana akafungua mfuko wa ovaroli, akatoa bawa la kijivu lililobaki kutoka kwenye modeli fulani, akaliweka juu ya kitambaa cheupe pamoja na brashi na kopo la rangi nyeusi.

"Hebu nionyeshe."

Watu wakaziba njia. Dakika akaishika brashi. Mkono uliochora mishale ya vipimo kwa nywele tatu ukazunguka juu ya kipande cha plastiki. Akaishusha. Akageuka, akamtafuta mkewe katikati ya watu, na mama Kifungo akaliona lile jicho, akaelewa kwamba anajua, tena anajua tangu jana.

"Mama Kifungo," akasema, "njoo."

Alikwenda. Alipofika karibu, mumewe alimwinamia na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ndege iliyotoka vitani hainukii limau. Kwamba alipoinua tu katoni harufu ilimpiga, akaelewa yote, na alitaka kukasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

"Lakini nikasema niiangalie kwanza," akamwambia. "Nikakosa pa kuanzia."

Mama Kifungo alitaka kulia na kucheka, ikabidi achague kupokea brashi. Akaomba kitambaa. Akafuta brashi mpaka ikabaki karibu kavu, akalaza bawa, akauliza mbele ni wapi. Akagusisha tone kwenye mstari wa ungio, akalisubiri lishibe, akalivuta mara moja kuelekea nyuma, akaliachanisha mbele ya msumari. Halafu, kwa mazoea tu, akapangusa meza. Akaeleza kwamba ni kama koti la dereva. Bibi Spana akaweka chini kioo chake, akatazama mikono ile iliyobabuka kwa sabuni, akauliza anafanya kazi gani. Alipojibiwa, ndiye aliyecheka kuliko wote, kicheko cha chini ya tumbo la ndege, kikavu na kirefu.

Akachukua kadi nyeupe. Kulikuwa na kadi moja tu mezani, na kila mtu ukumbini akaelewa ndege ipi imeshinda. Akafungua kalamu, akauliza aandike jina la nani, maana kabati la maktaba lilikuwa na kadi moja, na kadi ilikuwa na mstari mmoja.

Mama Kifungo akasema mara moja aandikwe mume wake, yeye alipitisha mkono tu. Dakika akasema hapana, aandikwe mkewe, kwani kama ingekuwa kwa uchafu wake yeye, wangekuwa nje pamoja na mwenye kifaru. Mama Kifungo akasema vipande mia moja sitini na mbili. Dakika akasema oili. Mkewe akasema mikanda ya karatasi ya dawa. Mumewe akasema mlango wa rubani. Wakaanza kusukumana viwiko kwa heshima, kila mmoja akimrudisha mwenzake mbele, mpaka kalamu ya Bibi Spana ikaanza kukauka hewani, na uvumilivu wake pia.

Akawaacha. Akachuchumaa kwa shida, magoti yakilia, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Kifungo.

"Wewe mwenye akili hapa," akasema, "niambie ndege hii ni kazi ya nani, nikaandike."

Kifungo akamtazama baba yake. Akamtazama mama yake. Akaitazama ndege, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Baba aliitengeneza, na mama akaichafua."